Mzae wa Boksi, Mabro wa Baga na Chapo ya Kona

Kasese kuna tabia moja lazima tuiongelee. Msee anaenda Kampala wikendi, anarudi na boksi ya KFC. Ndani hakuna kitu. Kuku aliisha kabla basi haijafika Mubende, lakini boksi imesafiri zaidi ya kilomita 300, imekaliwa na mabegi ya watu, imefika mtaani imepinda, na bado msee anaiweka kwa meza ya mathe wake anaipiga picha. Status, saa tatu usiku. Caption: "Lunch". Buda, tulikucheki. Ulishuka basi ukaenda straight kwa chapo ya kona.

Hiyo inaniuma, na naisema nikiwa serious. Juu yule mzae wa ndevu nyeupe amechorwa kwa hiyo boksi alikuwa mtu wa kona. Alikuwa hasla wa barabarani, mwenye sufuria na mdomo. Ungejua story yake, hiyo picha ungeipigia sigiri ya jirani.

Anaitwa Harland Sanders. Alizaliwa 1890 huko Indiana, baba yake akafa yeye bado kadogo, shule akaiacha njiani. Kazi alizofanya zinatosha stage nzima ya boda: alitia makaa kwa injini ya treni, aliuza bima, aliuza matairi, aliendesha feri. Zingine ziliisha kwa ugomvi. 1930 akatua Corbin, Kentucky, kwa petroli stesheni kando ya barabara. Madereva walikuwa wanashuka kuweka mafuta wanauliza kama kuna kitu ya kumanga. Kulikuwa. Sanders alikuwa anapika, halafu anawakalisha kwa meza yake mwenyewe, pale pale alikokuwa anaishi na familia. Hakuna menyu ya kutundikwa, hakuna wimbo wa tangazo. Meza moja.

Hiyo scene ukitaka kuiona live, panda taxi ushuke Bwera, utembee hadi Mpondwe. Matrela yamepanga laini mpakani yanangoja kuvuka kwenda Kasindi, Kongo. Dereva ametoka Mombasa, ana siku kadhaa barabarani, ana njaa na ana Kiswahili. Mama ana sufuria na ana Kiswahili pia, ile yenye ladha ya Kongo. Dereva anauliza bei, anajibiwa, anakaa kwa benchi. Corbin 1930 ndio hiyo, imeongezwa sombe, yale majani ya muhogo.

Sasa kitu ilimtoa Sanders kwa meza moja, watu wanasema ni vile viungo 11 vya siri. Wacha. Viungo vilikuja, sawa, na siri inauza. Lakini kazi kubwa ilifanywa na chuma. Kuku wa kukaanga kwa pan alikuwa anakula karibu dakika 30, na dereva hana dakika 30. Ukimkaanga mapema anakauka. 1939 Sanders akashika presha kuka, kitu mpya mpya wakati huo, akaichezea hadi ikakubali kukaanga kuku kwa mafuta chini ya presha. Kuku akaiva chini ya dakika 10, ndani ana juice, nje anakwaruza. Dereva anakula, anaenda, mwingine anakaa. Hapo ndio ganji ilianza kuonekana.

Na ile "Colonel"? Wazae wetu wakisikia Kanali wanasimama wima. Relax, mzae. Kentucky gavana anaweza kukupa hiyo cheo kama heshima, na Sanders alipewa 1935. Suti nyeupe na katai ka kamba alizivaa baadaye, akagundua watu wanamkumbuka, hakuvua tena. Msee alijua luku ni biashara miaka mingi kabla TikTok.

Halafu inakuja sehemu inayonishika kabisa. Miaka ya 50 serikali ikaanza kujenga barabara kuu mpya, na barabara ikaikwepa Corbin. Magari yakapotea. 1956 Sanders akauza ile mgahawa kwa mnada, akalipa madeni, akabaki na pensheni ya dola 105 kwa mwezi. Umri wake miaka 65 na ushee.

1956, msee. Mwaka huo huo reli ilifika Kasese. Treni ilikuja kubeba kopa ya Kilembe iende kuyeyushwa Jinja, na mji wetu ukaota hapo kwa mwisho wa reli, mabati, maduka, wasee kutoka kila kona ya Uganda na Kenya. Yaani siku zile Corbin inapoteza barabara, sisi tunapata treni. Halafu sisi pia tukapoteza. Kopa ikasimama mapema miaka ya 80, treni ikaacha kuja kabla ya 2000, na hadi leo kuna wazae wanakaa kwa kivuli wakisema "treni ikirudi, mtaona". Tunaona nini? Nyasi kwa reli. Mzae, unangoja treni, na kijana wako anauza rolex, ile chapo ya mayai, mia kwa siku hapo nyuma ya mgongo wako na umemwita mvivu asubuhi.

Sanders hakungoja barabara irudi. Alitupa presha kuka na viungo nyuma ya gari akaanza kuzunguka mgahawa kwa mgahawa. Anaingia, anaomba kupikia mwenyewe na wafanyakazi. Wakipenda, deal: wewe baki na mgahawa wako, tumia njia yangu, nunua viungo vyangu, nilipe senti chache kwa kila kuku unayeuza. Usiku mwingine analala kwa gari. Msee wa kwanza kukubali alikuwa Pete Harman wa Salt Lake City, tangu 1952, na ni huko Utah, mbali kabisa na Kentucky, jina Kentucky Fried Chicken lilipakwa rangi mara ya kwanza kwa ukuta. 1964 Sanders aliuza kampuni kwa dola milioni 2. Wakati huo kulikuwa na sehemu zaidi ya 600 zinauza kuku wake, na karibu zote hakuwahi kuzijenga yeye.

Shika hiyo point vizuri. Jamaa hakuuza kuku. Aliuza njia ya kupika kuku, na inalipiwa.

Twende California. Mabro wawili, Richard na Maurice McDonald, wametoka New Hampshire kutafuta maisha ya sinema. Sinema haikuwataka. 1940 wakafungua mgahawa San Bernardino, nyama choma kwa mtindo wao, mademu wanaleta chakula hadi kwa gari lako. Iliweza. Walikuwa wanaomoka. Na 1948, pesa ikiwa inaingia vizuri, wakafunga mlango kwa miezi kama mitatu. Mathe wako angesema wamerogwa.

Walikuwa wamekaa chini wakahesabu, wakakuta watu wengi wananunua baga tu. Wakachinja menyu ikabaki vitu tisa. Mademu wa magari wakaambiwa kwaheri. Sahani, vijiko, glasi zikatupwa, karatasi ikaingia. Halafu hii ndio napenda: walienda kwa uwanja wa tenisi, wakachora jikoni nzima chini na chaki, saizi ya ukweli, wakaweka wafanyakazi wao watembee ndani ya mchoro wakijifanya wanapika. Huyu anageuza nyama, huyu anapaka sosi, huyu anafunga. Wakigongana, futa, chora upya. Hadi kila mtu anatembea hatua chache iwezekanavyo. Baga ikashuka hadi senti 15 na inatoka sekunde chache baada ya kuagiza.

Nimeangalia wasee wa chapo wa Kasese wakifanya kazi nikikumbuka ile chaki, na nakuambia hawa watu wana uwanja wao wa tenisi kwa kichwa. Simama kona yoyote saa moja jioni. Donge tayari zimelala kwa ubao, zimepakwa mafuta, zimefunikwa na kavera. Mkono wa kushoto unasukuma chapo, wa kulia tayari una mayai. Mayai mawili yanapasuliwa kwa kikombe cha plastiki, kitunguu na nyanya zinakatwa hewani, juu ya kiganja, hakuna ubao, kisu kinasimama mili moja kabla ya ngozi. Chumvi. Kijiko kinapiga kikombe tak tak tak, na hiyo sauti ndio tangazo lake. Mafuta, mayai yanamwagwa yanatandaa duara, chapo inalala juu, geuza, nyanya mbichi chache, kunja, kavera, chenji. Mguu haujasonga hata hatua. Mabro McDonald wangelipa kiingilio waone hiyo.

Lakini sasa cheki mwisho wao. 1954 anakuja Ray Kroc, umri miaka 50 na ushee, salesman wa mashine za kuchanganya milkshake. Alikuwa anashangaa ni nani ananunua mashine nane kwa duka moja. Akaona laini ya watu, akaona ile sistimu, akalewa. Akaomba kuuza franchaizi, akafungua yake ya kwanza Des Plaines, karibu na Chicago, Aprili 1955. 1961 akawanunua mabro wote wawili kwa dola milioni 2.7. Doo poa, sikatai. Lakini jina likaenda nayo. Ile duka yao ya kwanza walibaki nayo, na kwa sababu jina "McDonald's" sasa ni la mwingine, ikabidi waitoe jina lao wenyewe kwa ukuta. Wakaiita The Big M. Kroc akafungua McDonald's hapo karibu. Big M ikafa.

Unaitwa McDonald na huruhusiwi kuandika McDonald kwa duka lako. Kaa na hiyo kidogo.

Kuna mbaya zaidi. 1960, Ypsilanti, Michigan, mabro Tom na James Monaghan wananunua kaduka ka pizza kwa pesa ya kukopa. Baada ya miezi kadhaa James amechoka, ana kazi yake nyingine, anataka kutoka. Tom anamuuliza unataka nini kwa nusu yako. James anachukua Volkswagen Beetle, ile waliyokuwa wanapelekea pizza. Gari la mkono wa pili. Hiyo duka ndio Domino's. Tom alipoiuza 1998 ilikuwa deal ya karibu dola bilioni moja. Tangu nijue hiyo story, mtu akiniambia anauza share yake ya kitu ili anunue simu, namwita James.

Na tuna akina James wengi, wacha tusidanganyane. Msee ana kona moto sana karibu na stage, wateja wamemzoea, anauza kila kitu kwa jamaa ya pesa ya boda iliyotumika. Wiki moja anaflex. Mwezi unaisha boda iko kwa fundi, na kona ina laini hadi barabarani. Beetle hiyo.

Lakini story yenye inanikasirisha kushinda zote iko San Bernardino tena. Jamaa anaitwa Glen Bell, anauza hot dog na baga kwa kibanda. Ng'ambo ya barabara kuna Mitla Cafe, mgahawa wa familia ya Wamexico, ulifunguliwa 1937 na Lucia Rodriguez. Kila siku Bell anaona laini ya watu wanangoja taco. Akavuka barabara, akawa anakula huko, usiku anarudi kwake kujaribu kuigiza. Baadaye wenyewe wakamwachia aingie jikoni aone zinavyofanywa. Wapole, walimfundisha. 1962 akafungua Taco Bell. Leo ina maelfu ya maduka. Mitla Cafe bado iko pale pale, moja, inapika, na nasikia heshima kila nikiitaja. Lakini jina la Lucia Rodriguez haliko kwa boksi ya mtu.

Sasa rudi nyumbani. Rolex.

Chapo yenyewe ilishuka na meli kutoka India. Wasee waliojenga reli kutoka Mombasa kuanzia 1896 na wafanyabiashara waliowafuata walikuja na tava zao, na chapo ikapanda na reli hadi ikawa yetu. Kuikunja na mayai ni kazi ya Uganda. Watu wengi wanaipeleka Busoga, kwa msee mmoja wa chapo aliyetaka kupikia mteja vitu viwili kwa mpigo asipoteze muda. Baadaye ikatua Wandegeya, hapo mlangoni mwa Makerere, wanafunzi wamesota, lekcha inaanza, mkono mmoja una kitabu. Ikalipuka. Angalia ni nini kiliizaa: haraka, bei, mteja mwenye njaa anayeondoka. Presha kuka ya Sanders, chaki ya mabro. Akili ile ile. 2016 Kampala ikaifanyia festival yake ya kwanza na serikali ikaanza kuiuza kwa watalii. 2021 Raymond Kahuma na timu yake wakapika moja ya kilo 204.6, mayai 1,200, Guinness wakaandika rekodi.

Na yule msee wa chapo wa Busoga? Hana boksi. Hana ukuta. Hana senti kwa kila moja inayouzwa kutoka Jinja hadi Mpondwe. Hata Beetle hakupata.

KFC nayo ilitua Kampala 2013, na sisi tukajipanga laini tukiwa tumevaa nguo za harusi. Sina beef na kuku wao. Anakwaruza vizuri. Bei ndio inanikwaruza mimi: doo ya mtu mmoja pale Kampala inadishi mbogi ya wasee watano huku Kasese na soda inabaki. Na cheki Kenya, Januari 2022: KFC ya Nairobi iliishiwa chips. Chips! Meli zimechelewa, viazi vilikuwa vinatoka nje, na nchi imejaa viazi hadi wakulima wanalia bei. Wakenya waliwaka online hadi kampuni ikaanza kuongea kuhusu viazi vya nyumbani. Sisi tuna Kabale na Kisoro hapo chini tu, viazi vinashuka na lori kila siku. Mtu akiniambia meli imechelewa sitamwelewa kwa lugha yoyote.

Ndio maana nikiangalia Bwera naona kitu wazae hawaoni. Mzae wa Bwera anakuambia chakula ni obundu, ule ugali wa muhogo, hivyo vingine ni vya watoto wasio na adabu, chakula kinaliwa ukiwa umekaa, mikono imenawa, baba ameanza. Sawa, mzae. Obundu ni moto, na sombe ya hapa haina mpinzani, ningeipigania. Lakini dereva wa trela hakai muda mrefu. Amesikia gate inafunguliwa. Anataka kitu cha kushika akiwa na usukani, na wewe umemwekea bakuli na ukoo mzima.

Kitu hii border inataka iko hapa tayari. Samaki anatoka Lake Edward, chumvi inatoka Katwe, vitunguu na nyanya vinashuka milimani, kahawa ya Rwenzori inanuka hadi barabarani, wateja wanajileta wenyewe kutoka nchi mbili. Mikono tunayo. Bado karatasi. Jina likisajiliwa kama trademark URSB, ile ofisi ya serikali ya kusajili biashara, ni lako, na si lazima uwe sonko kulisajili. Njia ya kupika ikiandikwa, unga gramu ngapi, mayai mangapi, dakika ngapi, kijana wa Hima anaweza kuifuata ikatoka vile vile imetoka Bwera. Pete Harman hakuwahi kuwa ndugu ya Sanders. Alikuwa na njia na viungo.

Mimi na wasee wangu wawili tumeanza. Kibanda kimoja, karibu na pale matrela yanasimama. Menyu ni tatu, tulizichinja zingine kwa nguvu na mmoja alilia juu ya gonja yake. Rolex ya kawaida. Rolex ya samaki, vipande vimekaangwa vikavu, miba imetolewa yote, juu dereva hachambui miba kwa kona za Kikorongo. Na kahawa, kikombe kina mfuniko. Tulichora jikoni chini na chaki nyuma ya keja, tukatembea ndani, tukagongana, tukafuta. Makubaliano yameandikwa, share ya kila mtu iko hapo, na kuna mstari mzima unaosema mtu akichoka anauzia wenzake kwa bei tuliyokubaliana, si kwa gari.

Kitu moja imebaki na tunaibishania hadi sahii. Kabichi ndani ama kabichi nje. Mimi ni nje. Inatoa maji, chapo inalegea kabla dereva hajafika Kasindi.